Mechi ya Nourdine Chini ya Udongo

Timu ya Nyota ya Kasongo ilipovunjika, wachezaji walitawanyika kwenye machimbo ya dhahabu ya Lusangi. Grégoire, aliyekuwa akitangaza mechi zao redioni, akabaki kusoma matangazo ya misiba. Hakuna aliyemwuliza tena habari za mpira, mpaka asubuhi ile Hidaya alipomtumia mtu wa pikipiki: shimo limeporomoka, na mume wake Nourdine, golikipa wa zamani wa Nyota, yuko chini.

Alipofika aliwakuta wachimbaji wakitoa udongo kwa makarai. Bomba la kupeleka hewa lilikuwa halijakatika, na ndani yake ilisikika sauti ya jiwe likigonga.

"Sema naye, shemeji," Hidaya alimwambia. "Sauti yako anaijua. Asilale."

Grégoire akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye bomba. Basi akaanza kutangaza mechi. Nyota wanacheza na Kabambare, uwanja ni matope matupu, mshambuliaji wa Kabambare anamtoka beki, anapiga, Nourdine anadaka. Jiwe likagonga kwa kasi. Wachimbaji wakacheka, wakaongeza nguvu.

Alitangaza mpaka jua likawa utosini na koo likawaka moto. Kila shuti lilikwenda kwa Nourdine, na kila shuti Nourdine alilidaka. Kisha, baada ya kona moja, jiwe halikujibu. Grégoire akatega sikio. Kimya.

"Iko anagonga?" Hidaya aliuliza nyuma yake.

"Anagonga," alisema bila kumtazama, akarudi kwenye bomba. Aliendelea kutangaza, sauti ikipasuka, kwa mtu ambaye hakujua kama bado anasikia, na wachimbaji wakaendelea kuchimba.

Walimfikia alasiri. Nourdine alikuwa ameegemea ukuta, mwili umeshapoa.

"Nisamehe, shemeji," Grégoire alisema. "Nilikudanganya."

"Nilijua," Hidaya alisema, akimfuta mumewe udongo usoni. "Nami nilikuwa nasikiliza lile jiwe. Lakini ungenyamaza, hawa wangeacha kuchimba. Batu wengi wamebaki humu chini, hata kaburi habana, wala hakuna aliyewatoa."

Wachimbaji wakamlaza Nourdine kwenye machela. Grégoire akainama, akashika ncha moja, wakaanza kuteremka kilima.