Muswada wa Kwanza wa Verlyn Haugen

Verlyn Haugen aliuza misumari, mabomba na chakula cha mifugo kwa miaka thelathini bila kumfokea mteja hata mmoja. Ndiyo maana watu wa Elmsby walimchagua kwenda bunge la jimbo. Walisema mtu anayeweza kumsikiliza mzee Orville akisimulia bomba lake linavyovuja, mpaka kahawa inapoa, atavumilia chochote.

Alikwenda na jambo moja tu. Hospitali ya Elmsby ilishafungwa, na gari la wagonjwa liliendeshwa na watu wa kujitolea. Sheria ilitaka kila safari iwe na wawili wenye cheti cha huduma ya kwanza, na mji ulikuwa umebakiwa na mmoja, Darlene Opsahl, mpishi wa shule. Verlyn alitaka Darlene akae nyuma na mgonjwa, na yeyote mwenye leseni ashike usukani. Muswada usipopita, gari lingeegeshwa kiangazi hicho, na bunge lisingekutana tena kwa miaka miwili.

Bunge lenyewe lilimchosha. Mtu alisimama saa nzima kueleza kwamba hana la kuongeza. Siku ya muswada wake ilipofika, Verlyn alijieleza kwa kifupi, kisha maswali yakaanza.

Mmoja aliuliza kama dereva ataruhusiwa kubeba nguruwe mgonjwa. Mwingine, uso mkavu kabisa, alitaka kujua kama Jumapili king'ora kitapiga nyimbo za kanisani. Wa tatu akauliza kama wabunge wanapunguziwa bei ya makoleo ya theluji dukani kwake. Na Verlyn, jamani, alijibu yote. Hata la nguruwe alilitolea maelezo, huku wenzake wameinamia meza, mabega yao yakitetemeka kwa kicheko.

Ikaja kura. Ubao wa kura ukawaka nyekundu, rangi ya kukataa, jina kwa jina, hata jina la bibi Lorraine Vogt wa meza ya jirani, aliyemletea biskuti asubuhi ile.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akakamata kipaza sauti kabla spika hajafunga kura.

"Naondoa muswada wangu," alisema. "Kwetu watu wanafia barabarani, nyie mnaniuliza habari za nguruwe. Sitakaa hapa mkiwacheka watu wangu. Ufuteni."

Spika alimuuliza mara mbili kama ana hakika, maana kanuni hazikumruhusu kumkatalia. Verlyn akasema ana hakika kabisa, na nyundo ikagonga meza.

Lorraine alimshika mkono. "Mwanangu, hukuambiwa? Kila mgeni tunamfanyia hivi kwenye muswada wake wa kwanza. Tunamsumbua na maswali, tunawasha nyekundu, tunacheka, halafu kabla kura haijafungwa wote tunageuza kijani. Muswada wako ulikuwa umeshapita."

Hakuambiwa. Nani amwambie, wakati utani wenyewe unahitaji mtu asiyejua? Watu wazima, wamelipiwa hoteli kwa kodi za wananchi, hiyo ndiyo kazi yao.

Jumamosi duka lilijaa. Mji mzima ulikuwa umemwona kwenye televisheni. Orville alimpiga begani: "Umewapasha, mheshimiwa! Wamekoma!" Watu walinunua hata wasivyohitaji ili wapate kumpa mkono. Kila Verlyn alipofungua mdomo kueleza, walimpigia makofi. Alitamani kuwafokea wote watoke.

Darlene aliingia na koti lake la kazi, akapanga foleni kama mteja mwingine yeyote.

"Ulisema vizuri," alimwambia zamu yake ilipofika.

"Darlene, walikuwa wanatania. Wangeupitisha. Mimi ndiye niliyeuua."

Nyuma ya Darlene mtu alikuwa anapendekeza Verlyn agombee ugavana.

"Haya," Darlene alisema. "Nipe kufuli. Kubwa, la banda la gari la wagonjwa."

Verlyn akaenda kulichukua mwenyewe kwenye rafu, na watu wakampisha njia huku wanampigia makofi.