Jina Chini ya Karatasi

Kiwandani walimwita Bi Gundi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusahihisha ramani za shule: nchi ikibadili jina, yeye hubandika kijikaratasi chenye jina jipya juu ya la zamani, anakipiga kitambaa, anavuta ramani nyingine. Majina ya nchi za watu hayakumsumbua hata chembe. Safari hii zamu ikaangukia nchi yake mwenyewe.

Alitoka huko na mama yake akiwa na miaka sita. Lile jina la zamani, kwa lugha ya mama, maana yake ni "tutarudi kunywa". Hakulitoa mfalme, wala mgeni mwenye bendera. Walilitoa watu waliofukuzwa na ukame, siku walipokuwa wakikiaga kisima chao. Na wakubwa wa leo, bila haya wala soni, wamelifuta wakaweka jina la kupigia gwaride.

Macho ya mama yalikuwa yanakwisha. Daktari alimpa mwezi mmoja, labda.

"Nilione tu jina letu la zamani limeandikwa, mwanangu," alisema mama, "kabla giza halijanifika."

Ramani zilikuwa mia mbili, na zote zilitakiwa zibandikwe. Mia moja tisini na tisa alizibandika barabara, roho ikimuuma. Ya mwisho akapiga moyo konde, akaitia gundi tone moja tu.

Msimamizi hukagua kwa ukucha, anaupitisha pembeni mwa kila kijikaratasi. Cha mwisho kikainuka.

"Bi Gundi, leo gundi imekuishia?"

"Nimechoka tu, mkuu."

Msimamizi akasoma jina la chini, akamtazama, alijua anakotoka. Akaikunja ramani, akampa. "Hii imeharibika. Kaitupe. Huko huko kwako."

Nyumbani wakasogea dirishani. Mama akakibandua kijikaratasi mwenyewe, taratibu, akainama hadi pua ikagusa karatasi. Akalisoma kwa sauti mara tatu. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Tutarudi, mama?" Hilo swali Bi Gundi hakuwa ameliuliza tangu utotoni.

Mama alipapasa mezani mpaka akakipata kile kijikaratasi.

"Kirudishe mahali pake, jua lisije likalifuta jina," alisema. "Ila gundi, mwanangu, tia kidogo."