Kikapu chenye Ncha

Siku afisa alipokuja, Ephrasia alikuwa shambani tangu alfajiri akikata migomba. Hakuwa akivuna. Mnyauko ulikuwa umeingia kibanjani, shamba lililoizunguka nyumba yake, tangu masika, na kila mgomba aliouchanja kwa panga ulitoa maji ya njano yanayonata. Akaukata, akang'oa kisiki, akauburuta mpaka shimoni, akarudi kwa mwingine. Mkungu aliokuwa ameuwekea matumaini aliupasua akakuta ndizi zimeoza kwa ndani, nyeusi. Aliutupa shimoni pamoja na mingine. Nyumbani hapakuwa na ndizi hata moja, na kwa watu wa Muleba nyumba isiyo na ndizi haina chakula, hata kama pana gunia la mahindi. Na hilo gunia lenyewe halikuwapo.

Na mgeni ndiye huyo, yuko njiani.

Taarifa aliipata kwa Rugaibula, mwenyekiti wa kitongoji. "Mama Jesca," alimwambia akiwa amesimama mpakani mwa vibanja vyao, "mtu wa vitambulisho anakuja kukuona. Maswali mawili matatu tu. Usihangaike." Mtu mwenye cheo akikuambia usihangaike, jifunge kibwebwe. Mwaka huo kijiji kilikuwa kinapima vibanja. Mwenye kitambulisho cha taifa, kibanja chake kinaandikwa kwa jina lake. Asiye nacho, kibanja kinarudi mikononi mwa kijiji, na kijiji kinampa mwenye haja. Mwenye haja alijulikana hata na kuku wa Kimwani. Mikaratusi ya Rugaibula ilikuwa imeshafika mpakani, na mizizi yake ilikuwa inanyonya maji upande wa Ephrasia bila kumwomba mtu ruhusa.

Ephrasia alizaliwa Kimwani. Baba yake, Paulo, alizaliwa hapo, akapanda kahawa hapo, akazikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Bibi mzaa baba ndiye peke yake aliyetoka Rwanda, kabinti kadogo nyuma ya wazazi waliofuata kazi ya kuchuma kahawa za watu, enzi za Mwingereza. Ephrasia mwenyewe Rwanda hajawahi kuiona, wala hajui inaanzia wapi. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda visiwani, alikoolewa na Pastory, mvuvi. Ziwa lilipomchukua Pastory alirudi kwa baba yake, akamuuguza, akamzika, akabaki na kibanja. Binti yao Jesca alikuwa ameshaolewa mbali.

Sasa angempa nini mgeni? Alinawa mikono, akaingia chumbani, akakitoa kikapu cha bibi.

Kilikuwa kikapu kidogo, kimesukwa kwa nyasi laini mstari kwa mstari, cheupe chenye miali myeusi, na kifuniko chake kiliinuka juu kikaishia kwenye ncha. Kitako kilikuwa kimewahi kuliwa na panya. Ephrasia alikishona kwa uzi wa nyavu wa bluu, kitu pekee alichokuja nacho kutoka visiwani, na kiraka hicho kilionekana ukikigeuza tu. Alikijaza kahawa za kutafuna, akamwani, zile zinazochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa. Kama huna ndizi, huna chai, kahawa hizo zinakufichia aibu. Mgeni akishazitafuna, hakuna wa kusema hukumkaribisha.

Afisa aliitwa Najibu. Alikuwa kijana wa Tanga, mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama," alisema, akavua viatu mlangoni. Rugaibula aliingia nyuma yake na viatu vyake miguuni.

Ephrasia alipiga magoti, akafunua kikapu, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Hizi zinaliwaje?" Najibu aliuliza.

"Unatafuna, waitu. Ndiyo heshima ya huku."

Najibu alichukua moja, akatafuna, akakunja uso kidogo kisha akaukunjua kwa ajili ya adabu. Mkono wake ulikishika kile kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Kazi nzuri. Mmesuka hapa hapa?"

Laiti angesema ndiyo. Neno moja tu. Lakini Ephrasia alikuwa na fahari na kikapu kile, na fahari ya maskini haijui kujizuia.

"Ni cha bibi yangu, mzaa baba. Alikuja nacho kichwani kutoka kwao."

"Kwao wapi?"

Hapo ndipo alipoona ulimi umemponza. Nje kuku alikuwa akiita vifaranga. Rugaibula alikohoa, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo: "Mheshimiwa, vya kwetu havina kofia yenye ncha namna hiyo. Hivyo ni vya ng'ambo. Hata mtoto anajua."

Ephrasia alimtazama. Huyu Rugaibula! Kikapu hiki hiki alikiazima alipomwoza binti yake. Alikuja mwenyewe mpaka jikoni: nipe kile kizuri, Mama Jesca, wakwe wanatoka mjini, Ijuganyondo, wasije wakatuona washamba. Wakwe wakatafuna kahawa humo, wakakisifu, mahari ikapokelewa. Nani kitongojini hakuwahi kukiazima? Posa zote za miaka hiyo zilipita humo. Siku hizo ncha haikumsumbua mtu.

"Tata Rugaibula," alisema, "si ndicho ulichowawekea wakwe zako, siku ya kumwoza Annastella?"

"Mimi sikumbuki." Rugaibula alimgeukia afisa. "Unaona, mheshimiwa? Tunazungumza mambo ya serikali, huyu mama analeta ya harusi."

Huyu mama. Juzi mpakani alikuwa Mama Jesca.

"Mama, ukoo wenu ni upi?" Najibu aliuliza.

Ephrasia hakuwa na ukoo wa kutaja. Wenzake kitongojini wana koo, wana wajomba na mashemeji wa kusimama mbele ya mkutano na kusema huyu ni wetu. Yeye alikuwa na kaburi la baba yake nyuma ya nyumba, na kaburi halisemi. Alisema, "Baba yangu alibatizwa parokiani hapa. Na mimi nimebatizwa hapo hapo."

"Ubatizo unaonyesha umebatizwa, mama. Hauonyeshi wewe ni nani." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Kisha alizimimina kahawa zote juu ya mkeka, akakifunika kikapu, akakiweka kwapani. "Nitakwenda nacho. Ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini, waitu?"

"Cha asili yako. Kitarudi shauri likiisha."

Walipotoka, Ephrasia aliokota kahawa mkekani moja moja. Zilikuwa zimechanganyika na vumbi la viatu vya Rugaibula.

Tangu siku hiyo ikawa safari za Bukoba. Leo afisa yuko semina. Leo yupo, lakini faili liko kwa bosi. Leo bosi yupo, ila anasema lete watu wazima wa kitongoji wakuthibitishe. Ephrasia alimwendea Joviana, jirani yake wa upande wa chini. Walipokea komunyo ya kwanza siku moja, na jiko lao wakati wa misiba lilikuwa moja. Joviana alikuwa akimenya ndizi na hakuinua uso.

"Dada, ningekuja," alisema. "Lakini na sisi hatujapimiwa bado. Anayeshika kamba ya kupimia ni Rugaibula. Nisamehe."

"Nikusamehe nini basi, Joviana? Wewe huna kosa."

"Usiniseme hivyo, dada." Akalia kidogo, akampa ndizi za kwenda nazo. Ephrasia alizipokea maana njaa haina hasira. Lakini usiku huo alizila akiwa amekasirika. Alimkasirikia Joviana, akajikasirikia mwenyewe, akamkasirikia hata bibi. Kwa nini hukubeba chungu, bibi? Chungu hakina kwao.

Siku ya mwisho aliyokwenda Bukoba alikuta ofisi imefungwa. Mlinzi alimwambia kwamba wote wako uwanjani, kwenye maonyesho ya mkoa, labda amwone afisa huko. Akaenda kwa miguu, akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani, kile anachovaa akienda mbele ya watu wakubwa.

Banda la utamaduni lilikuwa limeezekwa nyasi mpya. Ndani palikuwa na ngoma, mikuki, nguo za magome ya miti, na katikati, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kikapu. Mbele yake kadi ilisimamishwa: *Kikapu cha jadi cha Wahaya. Hakiuzwi.*

Ephrasia alikigeuza. Uzi wa bluu ulikuwepo.

Kabla hajasema neno, vuvuzela zililia nje, watu wakaanza kusukumana, na msichana mmoja wa mapokezi alitokea mbio akihema. "Rozi hajafika! Mgeni rasmi ameshashuka kwenye gari na Rozi hajafika. Nani atamkaribisha kahawa?" Akamwona Ephrasia, kitenge chake, kikapu mikononi mwake. "Mama, wewe unajua? Tafadhali mama. Piga magoti tu, mpe." Akamimina kahawa kikapuni.

Najibu alikuwa amesimama kando ya nguzo, anamwona. Rugaibula, ndani ya kanzu na koti, aliyekuja kuiwakilisha kata, aliangalia juu kwenye paa kana kwamba kuna mahali panavuja.

Ephrasia angeweza kukataa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kukishika tangu kilipochukuliwa, na mikono yake haikutaka kukiachia. Na moyoni alijiambia: huyu ni mkubwa kuliko wote. Huyu akisikia, yatakwisha.

Alipiga magoti. Mgeni rasmi alichukua kahawa, akatafuna, watu wakapiga makofi.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kimwani, mheshimiwa. Na hiki kikapu ni cha bibi yangu."

"Mnamsikia?" Mgeni rasmi aligeukia kamera. "Cha bibi yake! Huu ndio urithi. Hawa akina mama ndio wenye mkoa wenyewe."

Makofi yakaongezeka. Ephrasia alisema tena, kwa sauti zaidi, kwamba kimechukuliwa kwake, kwamba anakidai, lakini ngoma ilikuwa imeshaanza. Mpiga picha alimwinamia: "Hapo hapo mama. Inua kidogo. Tabasamu." Hakujua atabasamu vipi. Akaonyesha meno.

Msafara uliposogea banda la pili, Najibu alikuja akakitoa kikapu mikononi mwake taratibu, akakirudisha juu ya kitambaa cheupe.

"Waitu," Ephrasia alisema, bado yuko magotini, "niambie jambo moja tu. Kama kikapu ni cha ng'ambo, kitoe hapa unirudishie. Kama ni cha Wahaya, basi nipe kitambulisho changu."

Najibu alitazama kadi, akatazama chini. Ilionekana alikuwa amelifikiria hilo kabla yake. "Mama, haya ni mambo ya maonyesho. Yale ni ya uraia. Ni idara tofauti."

"Na mimi niko idara gani?"

"Njoo wiki ijayo," alisema.

Alikwenda wiki iliyofuata, na nyingine. Kisha mvua zikaja, kisha Krismasi, na baada ya mwaka mpya aliitwa kwenye ofisi ya kijiji.

Najibu alikuwa amekaa mezani, na Rugaibula pembeni yake. Shauri lilikuwa limeamuliwa. Asili ya mwombaji haikuthibitika, kibanja kitarudi kijijini, naye atapewa muda wa kutoa vitu vyake na kuvuna kahawa iliyoiva. Iliyo mbichi ingebaki. Ephrasia aliuliza kaburi la baba yake litakuwaje. Rugaibula alisema kaburi halina shida, mikaratusi haisumbui maiti.

"Kikapu changu?"

"Kiko makumbusho," Najibu alisema. "Kinatunzwa vizuri."

Ephrasia alisimama kutoka kwenye benchi. Mkononi alikuwa na kitambaa chenye kahawa chache za kutafuna. Alikuwa amezibeba kutoka nyumbani bila kufikiri, kama anavyofanya kila anapokwenda kuonana na watu. Aliziweka mezani. Hakuna aliyezigusa.

"Sasa tumpangie tarehe ya kuhama," Rugaibula alisema.

Najibu alichukua kalamu, akanyoosha shingo kulia, akanyoosha kushoto.

"Mama, samahani, sogea kidogo," alisema. "Unaziba kalenda."

Ephrasia alisogea, akageuka. Ukutani ilining'inia kalenda mpya ya mkoa. Juu, kwa rangi za kung'aa, alikuwa yeye, amepiga magoti, ameinua kikapu chenye ncha, anaonyesha meno. Chini ya picha waliandika: *Karibu Kagera, nyumbani kwetu.* Najibu aliinuka, akaipitisha kalamu chini ya magoti yale, akishuka mstari kwa mstari, akitafuta siku isiyo ya sikukuu.