Tawi la Mbele ya Dirisha

Usimwone fundi cherehani yule kimya juu ya mashine yake ukadhani ni mpole. Akishika mkasi, hasiti. Ndiyo maana kijitawi cha msonobari kilipomshinda kukata, alijishangaa mwenyewe.

Msonobari wenyewe ni kibete, wa kijani mwaka mzima, umejikalia chini ya dirisha la chumba cha kushonea kama kuku anayeatamia. Aliupanda yeye, na aliupendea huo ufupi wake: macho yalikuwa yameanza kumsaliti, na dirisha lile ndilo taa yake. Mwenye kitalu aliyemuuzia mche alimwonya, "Ukiona tawi linakimbia kuliko wenzake, likate mapema. Hilo limerudia urefu wa babu zake. Litanyonya nguvu zote, na kibete chako ndiyo basi tena."

Tawi likatokea kweli. Aliyeliona kwanza ni mumewe, mpaka rangi aliyestaafu karibuni.

"Mke wangu, njoo uone! Mtoto amesimama!"

Loo! Mzee akalichomekea fimbo, akalifunga kwa utepe wa nguo za wateja, akalimwagilia asubuhi na jioni, akawatambia majirani kwamba ana mkono wa baraka. Likapanda hadi likaziba kioo. Fundi aliposema likatwe, mumewe uso ulimshuka.

"Tangu niache kazi, hakuna kinachonihitaji hapa ila hicho. Na hicho nacho unakitaka?"

Maneno yalimchoma fundi. Angeweza kulikata mzee akiwa kwa kinyozi, yakaisha. Lakini mambo ya kuviziana yeye hana.

"Baba watoto, kaa hapa," akamwambia asubuhi moja, akimwachia kiti chake. "Nitilie uzi kwenye sindano ya mashine."

Mzee akacheka. Kazi gani hiyo! Akalamba uzi, akalenga, akakosa. Kivuli cha tawi kilikuwa kinacheza juu ya sindano. Akakosa tena, akautukana uzi. Kisha akatazama dirishani.

"Kila siku hivi?"

"Kila siku. Na macho yangu unayajua. Nikishindwa kushona, mume wangu, nitakuwa nani?"

Swali hilo mzee alikuwa akilala nalo na kuamka nalo. Akainuka, akachukua mkasi mezani.

"Weka chini! Huo wa vitambaa!" fundi akang'aka. "Wa miti uko nyuma ya mlango."

Huko nje mzee akalikata tawi katikati. Fundi akagonga kioo.

"Usilionee huruma! Shinani kabisa!"

Akakata shinani. Mwanga ukaienea mashine yote.

Mzee akarudi ndani, hata mikono hakunawa, akaketi, akatia uzi mara moja. Akampisha mkewe kiti.

"Haya, fundi."

Fundi akaanza kushona. Alimsikia mumewe amesimama tu pale nyuma yake, hajui aende wapi.

"Kesho saa mbili," akamwambia bila kuinua kichwa. "Usinicheleweshe. Uzi utakuwa mweusi."