Chai ya Bi Birika

Mtu wa maabara alitoa kichwa dirishani, mbele ya foleni nzima, akainua kichupa juu kama anakinadi.

"Nani kaleta hiki?"

"Mimi," akasema msusi. "Ni cha baba yangu."

"Dada, huu si mkojo. Hii ni chai. Tena ina ndevu za mahindi ndani."

Foleni ikaangua kicheko. Jamani, kuna aibu na aibu! Mwanamke wa watu kaacha mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kiko timutimu, kakimbilia zahanati, halafu anaambiwa kaleta chai ipimwe. Alikipokea kichupa, akatoka bila hata kuaga.

Njia nzima alikuwa akichemka. Kumshawishi baba yake apimwe kulikuwa kama kumwogesha paka. Mzee, fundi saa mstaafu, alikuwa akienda chooni kila mara na kusimama humo mpaka watu wanadhani kasinzia. Akiulizwa anasema, "Uzee tu." Na hata angetaka kwenda hospitali, angempitia wapi dada yake?

Dada huyo, shangazi wa msusi, ndiye aliyemlea fundi saa tangu mama yao alipofariki. Mtaa ulimwita Bi Birika, maana birika lake halikukauka jikoni: ndevu za mahindi, shayiri, na mizizi aliyoitaja kwa kunong'ona. Dawa ya kibofu hiyo. Tuseme ukweli, wako walioinywa wakaisifu. Lakini kwa Bi Birika ilitibu kila kibofu chini ya jua, na asiyepona basi hakunywa vya kutosha. Fundi saa ana mvi kichwa kizima, na hajawahi kumpinga dada yake hata siku moja.

Msusi aliwakuta sebuleni. Mzee ameketi ukingoni mwa kiti, Bi Birika amemsimamia na kikombe.

"Baba, umenifanyia nini?" Alikibwaga kichupa mezani. "Chai, Baba? Mtu mzima unanichezea shere? Nimechekwa mpaka na watoto wadogo!"

Mzee akakifunika kichupa kwa kofia yake.

"Usimkaripie baba yako," Bi Birika akadakia. "Hayo mambo ya kupimapima ndiyo yanayoleta magonjwa. Kunywa, mdogo wangu, isafishe njia."

"Shangazi, hebu tuache kwanza!"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua! Nimeshavunjika yote mawili!"

Mzee alipokea kikombe kama kawaida yake. Mkono ule, uliokuwa ukikamata skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, ulikiinamisha kikombe, chai ikamwagikia suruali. Mkono wa pili ulikuwa umeshika tumbo chini ya kitovu. Jasho lilimtiririka, na wala hakukuwa na joto.

"Baba," msusi akasema, sauti imeshuka. "Kwa nini ulitia chai?"

Mzee alitazama sakafu. "Ningetia nini, mama? Tangu jana jioni sijapata hata tone. Nimesimama mle chooni na kichupa chako mpaka miguu ikafa ganzi. Nikaona nisikurudishe mikono mitupu."

"Na chai unaendelea kunywa?"

"Dada ananipa."

Lo! Mtu anamiminiwa maji yasiyo na pa kutokea, naye anapokea na kusema ahsante! Msusi alimpokonya kikombe, akaita teksi. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba! Hukuwahi kuusikia huo?" Alimgombeza mpaka hospitali, mkono wake kaung'ang'ania, maana angenyamaza angelia.

Muuguzi alimlaza mzee, akavuta pazia, akamwekea mpira wa kutolea mkojo. Pazia lilipofunguliwa, mfuko uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda ulikuwa unajaa, na mzee anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Daktari alisema tezi dume imevimba na kubana njia. Inatibika, ila wangechelewa zaidi, figo zingeharibika.

Bi Birika alikuwa amekuja na chupa yake ya chai kwapani. Aliutazama mfuko, akapiga makofi.

"Mnaona? Si nilisema? Dawa imefanya kazi!"

Msusi aliushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Alitamani kupiga kelele, alitamani kung'oa pazia lile, na hakujua aanzie wapi.

"Dada," mzee akasema, macho kayafumba. "Nyamaza."

Bi Birika alimwangalia mdogo wake, kisha msusi, kisha mdogo wake tena. Akatafuta kiti, akaketi. Baadaye akafungua chupa yake, akajimiminia, akanywa mwenyewe polepole, uso kaugeuzia ukutani.