Hereni ya Ngamia wa Eeddo Timiro

Kaka yangu Ayanle alisomea uzamili wa uhandisi wa mifumo Nairobi, na ukimuuliza maana yake angekueleza mpaka chai ipoe. Kazi yake haikuwa pampu, wala tangi, wala sola. Kazi yake ilikuwa kuviunganisha vyote viwe kitu kimoja. Tasnifu aliijenga juu ya kisima kimoja cha kwetu, nje ya mji wa Griftu, na sisi tulijivuna naye mno.

Kila familia ilipewa hereni moja ya kielektroniki, akavishwa ngamia mmoja sikioni. Ngamia huyo akikaribia, kifuniko cha chuma kinafunguka, birika linajaa, kundi zima linakunywa. Wenye malori waliokuwa wakiiba maji wakakoma. Ayanle mwenyewe alichagua ngamia wa kuvishwa: yule mwenye maziwa mengi kuliko wote, kwa sababu, alisema, familia haiwezi kumuuza.

Kweli, hauzwi. Huazimwa! Kwetu jirani aliyefiwa na mifugo hapewi ngamia asiye na maziwa. Anapewa anayekamuliwa, wanawe wanywe mpaka Mungu alete mvua. Sisi wenyewe, baba alipofariki, tulilelewa kwa ngamia wa kuazimwa na Eeddo Timiro, shangazi yetu. Mtu na akili zake anasahauje maziwa yaliyomkuza? Hilo linanichoma hadi leo.

Ukame ulipokaza, Eeddo akamwazima Osob, mjane mwenye watoto wadogo, ngamia wake mwenye hereni, na Osob akahamia mbali naye. Malisho yalipokwisha, Eeddo akaliswaga kundi lililobaki hadi kisimani. Kifuniko hakikufunguka. Familia nyingine zilikuwa zimekwenda upande wa Wajir, hapakuwa na wa kumwomba hereni. Akakigonga kile chuma kwa mawe, lakini Ayanle alikitengeneza kisivunjike. Tangi lilikuwa limejaa, maji yanasikika ndani, na ngamia wanalinusa.

Ni Ayanle peke yake aliyeweza kufungua kutoka mbali, kwa simu. Naye simu alikuwa ameizima tangu juzi ili ajiandae kutetea tasnifu. Eeddo akanipigia mimi, Iftin. Nikapanda basi la Nairobi nikimtukana kaka yangu njia nzima.

Nilimkuta ukumbini, maprofesa wanampa mkono. Amefaulu. Mmoja alikuwa akimsifu kwamba mfumo wake haujakosea hata mara moja. Nikamvuta shati, nikamwambia mbele yao wote. Akaiwasha simu, akampigia Eeddo.

“Eeddo, nafungua sasa hivi, wallahi. Wasogeze ngamia kwenye birika.”

“Wako kwenye birika, Ayanle. Wamefia hapo hapo.”

Kaka yangu akakaa chini sakafuni na suti yake mpya.

“Fungua tu, mwanangu,” Eeddo akasema. “Mimi bado nina kiu.”