Ngozi za Ski za Mengia

Jumamosi ya mwisho ya msimu, Mengia alikuwa kwenye chumba cha kukaushia, akianika ngozi za wageni juu ya jiko la kuni. Ngozi ni kanda ndefu nyeusi, upande mmoja manyoya, upande wa pili gundi. Unazibandika chini ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, unapopanda mlima ili usiteleze kurudi nyuma. Ukifika kileleni unazibandua, unazitia kwenye shanta, unateremka. Zikilowa hazishiki. Ndiyo maana kila alasiri zinaanikwa, zote kwenye kamba moja, na ukiziangalia kwa haraka huwezi kujua ipi ya nani. Kila mgeni aliyefika kwenye nyumba ile ya mlimani alipewa na Mengia kipande cha uzi wa sufu mwekundu azifunge zake, atake asitake.

"Mama, mimi zangu nazijua," alisema Annetta, kondakta wa treni kutoka Chur. "Zinanuka paka wangu."

"Funga uzi."

"Hata pua yangu huiamini?"

"Funga uzi, binti. Paka hataamka na wewe alfajiri."

Annetta akafunga. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda Mengia katika ubishi ule, na wenyeji wa bonde walikuwa wameshaacha kujaribu.

Ilikuwa Mei. Theluji iliyobaki ilikuwa ile ya mwisho mwisho, ngumu kama sakafu kabla ya mapambazuko, uji mtupu jua likishapanda. Kwa theluji ya namna hiyo watu wa Engadin, bonde lile la Uswisi, hawana mjadala: unatoka nyumbani kukiwa giza, unafika juu jua likichomoza, unateremka kabla mteremko haujalainika. Ukichelewa, unaporomokewa na theluji.

Mei pia ndio mwezi ambao wafu hushuka. Barafu kubwa iliyoko juu ya nyumba ile imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, na inavyopungua inawaachia watu iliowameza zamani. Huja alasiri, nguo zikichuruzika maji. Mwaka juzi alishuka mlanguzi wa kahawa wa enzi za vita, gunia mgongoni, akauliza kama askari wa forodha wameshapita. Mwaka jana walishuka wanawake wawili wa Kiingereza wenye sketi ndefu, wakasema chai ya pale haifai. Utaratibu wa kijiji ni rahisi. Mwenye nyumba anawapa viatu vya sufu vya ndani, kwa sababu haingii mtu sebuleni na mabuti, awe hai au mfu. Anawapa supu ya shayiri, anampigia simu mchungaji, na kesho yake wanateremka wenyewe hadi makaburini.

Mengia aliwapokea wote na kuwapakulia bila shida. Aliyekuwa akimwogopa ni mmoja tu, naye ni Duri, mume wake.

Walikuwa wameoana mwaka mmoja tu Duri alipokufa. Duri alikuwa mwanafunzi wa kiongozi wa wapanda milima aliyeitwa Jachen, na siku hiyo walikuwa wanne: Jachen, Duri, Mengia, na mgeni wa Jachen, daktari wa meno kutoka Zurich. Alfajiri Mengia alinyoosha mkono kwenye kamba, mahali pake pa kila siku, akachukua ngozi zilizokuwa pale bila kuzipapasa. Kwenye mwinuko wa kwanza zikabanduka. Hazikuwa zake, na zilikuwa chapachapa. Akarudi hadi nyumbani, za kwake akazikosa, ikasemekana labda wamezibeba Wajerumani waliotangulia, akaazima kuukuu za mwenye nyumba wa wakati ule. Wenzake walimsubiri. Walipofika kileleni jua lilikuwa kali. Duri akatangulia kuteremka, mteremko ukakatika wote mzima, ukamtumbukiza kwenye ufa wa barafu. Hakuonekana tena.

Tume ya kuchunguza ajali ilikaa, ikasikiliza, ikaandika. Kando ya mlango wa nyumba ya mlimani pana bamba la shaba linalosema kwamba Duri alichukuliwa na mlima kwa sababu kundi lilichelewa, mshiriki mmoja akiwa hakukagua vifaa vyake. Bamba halikutaja jina la mshiriki huyo, na halikuwa na haja, bonde zima linamjua.

Hawakumtukana. Walimshika bega wakamwambia kila mtu hukosea, Mengia, na yeye alitamani heri wangemtukana. Nyumba ile ilipotafuta mtu wa kuitunza, aliomba yeye. Tangu hapo aliwaamsha wageni kwa kugonga sufuria na mwiko, akawakagua ngozi mmoja mmoja kwa vidole vyake, na hakuwahi kupata usingizi wa maana msimu wa ski ukiwa wazi.

Alasiri ile alikuwa akikata keki ya jozi alipomwona mtu dirishani. Alikuwa anateremka kutoka upande wa barafu kwa mtindo wa zamani, magoti yamebanana, ski ndefu nyembamba ambazo siku hizi utaziona zimetundikwa kwenye kuta za hoteli. Mengia alimjua kwa jinsi alivyoinamisha bega la kushoto. Akaweka kisu chini. Akatafuta viatu vya sufu vya saizi yake, akaenda kusimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani nyumba ile ingekuwa na mlango wa nyuma.

Duri akapiga ski zake pamoja kuzikung'uta theluji, akaziegemeza ukutani, chini kabisa ya bamba. Hakulisoma. Alikuwa kijana vilevile, ndevu chache, shanta mgongoni.

"Mengia," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umelowa. Vua mabuti."

Akavua. Sebuleni alikuwapo Annetta na wenzake wawili, na kwenye meza ya pembeni karibu na jiko alikaa Mzee Jachen, ambaye ndiye aliyeliongoza kundi la siku ile Duri alipopotea. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiji na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, lakini safari ya mwisho ya msimu hakumwachia mtu.

"Karibu, kaka," Annetta alisema akisogea kwenye benchi. "Supu ni ya moto, usije ukaungua."

"Nikiungua nitashukuru," Duri akajibu, akaanza kula. Alimaliza bakuli la kwanza bila kuinua kichwa. Kwenye la pili akainua, akamwona mzee.

"Jachen! Umekula chumvi nyingi."

"Na wewe hujaongeza hata siku," alisema Jachen. "Hongera."

Mengia alikuwa amesimama na upawa mkononi. Miaka yote alikuwa ameandaa maneno ya siku hii, mengine ya kuomba msamaha, mengine ya kujieleza.

"Duri, niambie tu hapa hapa, wote wasikie," akasema. "Ni mimi niliyewachelewesha."

"Ulituchelewesha, ndiyo," Duri akasema, huku akimega mkate. "Mtu atapandaje na ngozi zilizolowa namna ile? Ningekuwa mimi ningerudi kulala."

Akavuta shanta yake kutoka chini ya benchi, akafungua kamba, akatoa ngozi mbili zilizokunjwa gundi kwa gundi. Akazilaza mezani kati ya mkate na siagi.

"Nimekuletea zako. Nilikuwa nawaza sana, huyu mwanamke atakuwa anapandaje milima bila ngozi zake?"

"Nilinunua nyingine," alisema Mengia.

Kisha akaona mkia wa ile ya juu. Palichanika zamani na palikuwa pameshonwa kwa uzi wa sufu mwekundu, mishono mikubwa ya mtu asiyependa kushona. Wakati ule hakuna mwingine aliyeshona ngozi zake kwa uzi mwekundu. Uzi wenyewe aliuchomoa kwenye soksi ya mama yake.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa daktari. Si alikuwa habebi kitu zaidi ya chokoleti yake? Kileleni alibandua ngozi akanitupia, 'Kijana, beba.' Nilipozikunja nikaona mishono yako. Nikamwuliza Jachen, mbona mgeni kapanda na ngozi za mke wangu? Akaniambia nyamaza, tutaongea chini. Halafu akaniambia nitangulie."

Akarudi kwenye supu yake. Wenzake Annetta walipitishiana chumvi. Jachen alitazama nje, mahali ambapo matone ya maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa.

"Jachen," Mengia akaita.

"Alikuwa ameziacha za kwake nje zikalowa," Jachen alisema bila kugeuka. "Mgeni wa kutoka Zurich, ametegemea safari mwaka mzima. Ningemwambia abaki? Nikabadilisha jioni ile, za kwake nikazitundika mahali pako. Wewe ulikuwa mtu wa nyumbani, Mengia. Mtu wa nyumbani unachukua chake, utamwambia baadaye. Nilijua utahangaika kidogo tu. Sikujua zitagoma kabisa."

"Na mbele ya tume?"

"Mbele ya tume uliingia wewe kwanza, ukalia, ukasema hukukagua. Nilipoingia mimi wameshaandika. Mimi nilikubaliana na ulichosema."

"Ulikubaliana na mimi."

"Ulikuwa umesema vizuri sana."

Mengia akaketi. Aliitafuta hasira, akaipata, haikuwa haba, na alijua ataihitaji siku nyingine. Lakini mbele yake palikuwa na kitu kikubwa kuliko hasira. Kitu kilichokuwa kimemkalia kifuani tangu ujana wake kilikuwa kimenyanyuka, hivi hivi, wakati watu wanakula. Akavuta pumzi ikaingia mpaka chini. Akacheka, kisha akalia, kisha akajipangusa kwa aproni. Hakuwa amemuua mume wake. Alifurahi, na hakujali nani anamwona akifurahi.

"Na lile bamba?" Annetta aliuliza, kwa sababu alikuwa mtu wa treni na alipenda maandishi yawe sahihi.

"Bamba limepigiliwa kwenye jiwe," Jachen alisema. "Kulitoa lazima mkutano wa kijiji upige kura. Ajenda anapanga mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi. Sasa nitapangaje ajenda inayonihusu mimi mwenyewe? Si haki. Watu watasema natumia cheo vibaya." Akasukuma bakuli lake mbele. "Mengia, imebaki supu?"

Ilikuwa imebaki. Akampakulia.

Alfajiri Jachen aliondoka na kundi lake kwa wakati, kwa sababu hajachelewa tena tangu siku ile. Mengia na Duri walifunga madirisha, wakazima jiko, wakabandika ngozi. Kutoka kwenye nyumba ile kwenda bondeni lazima upande kwanza tuta dogo, na Mengia alilipanda kwa ngozi zake mwenyewe, zilizokaushwa na kunyooshwa. Gundi ilikuwa nzima. Duri alimfuata nyuma akihema.

"Taratibu basi! Wewe si ndiye mzee?"

"Ulikaa sana. Jongea."

Juu ya tuta wakabandua ngozi. Duri akanyoosha mkono kuzipokea amchukulie, kama alivyozoea, Mengia akamwambia asante, nitabeba mwenyewe. Kisha wakateremka. Theluji ilikuwa imelainika kidogo tu juu juu, ile theluji ya Mei ambayo mtu anaisubiri tangu Desemba, na ski zilikuwa zinaitikia kabla hujazielekeza. Walipishana, wakakatiana njia, mama mtu mzima na kijana wake wa miaka ishirini na tisa. Mwenye mbuzi mmoja aliyekuwa akitengeneza uzio aliwapungia mkono, akaendelea na msumari wake.

Theluji iliishia kwenye misonobari, mahali ambapo maua meupe yameshatoboa majani makavu. Duri akavua ski, akaziweka begani. Mnara wa kanisa ulionekana.

"Basi nitatembea kutoka hapa," alisema.

"Nitakuja Jumapili ijayo."

"Njoo na keki. Jana ulikata hukunipa."

Akatoa kwenye shanta viatu vya sufu vya ndani, ambavyo alisahau kuvirudisha na Mengia hakumkumbusha, akashuka navyo njia ya mawe, mabuti yakiwa yamening'inia shingoni. Mchungaji alikuwa ameshamchimbia mahali pazuri, karibu na ukuta unaopata jua.

Msimu uliofuata nyumba ilifunguliwa kama kawaida. Jachen alichaguliwa tena. Alipanda na kundi la kwanza, Annetta akiwamo, na mgeni mmoja kijana, akiwa bado na mabuti mlangoni, akasoma bamba kwa sauti hadi mwisho.

"Mama, huyu mshiriki ambaye hakukagua vifaa alikuwa nani?"

Sebuleni kijiko cha Jachen kilisimama juu ya bakuli.

"Ni mimi," Mengia akasema, na akasikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi mdomoni mwake, hayana uzito wowote. "Vua mabuti, mwanangu. Supu inapoa."

Akampa kijana uzi mwekundu, akampa na Jachen wake, na Jachen akaufunga. Kisha akaenda kwenye chumba cha kukaushia, akatundika ngozi zake mahali pake kwenye kamba, akazipapasa mikia. Zilikuwa kavu. Usiku ule alilala fofofo, na asubuhi ni Annetta aliyegonga sufuria.